Jinsi ya Kubandua Grafini kwa Selotepu, Kuitambua, na Kuyapima Madai Yanayotolewa Juu Yake

Kalamu ya risasi haina risasi ndani yake. Kilichomo ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, na kila inapopita juu ya karatasi huacha magamba madogo ya kaboni, mengine yakiwa membamba kupita kitu chochote ambacho jicho limezoea kukiona. Gamba la namna hiyo likiambuliwa hadi likabaki na tabaka moja tu la atomu, huitwa grafini. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulipata tabaka hilo kwa mikono, namna ya kulitafuta na kuhakikisha kwamba ndilo, na kisha namna ya kuzisoma sifa zake pamoja na masharti yake. Nimeona ni muhimu kuyaunganisha mambo haya kwa sababu sifa nyingi zinazotangazwa kwa jina la grafini ni za tabaka moja safi, ilhali bidhaa nyingi zinazobeba jina hilo hakuna aliyezihesabu matabaka.

Kwa nini selotepu inaweza kufanya kazi hii

Katika grafiti kila atomu ya kaboni imeshikana na jirani zake watatu kwa umbali wa nanomita 0.142, na mshikamano huo hufanya wavu wa pembesita unaofanana na sega la nyuki. Kaboni ina elektroni nne za kuungania. Tatu hufungwa ndani ya wavu, na ya nne hubaki ikisafiri juu na chini ya utando mzima. Baina ya utando mmoja na unaoufuata kuna nafasi ya nanomita 0.335, na kinachozishikilia tando hizo pamoja ni nguvu hafifu za van der Waals. Kwa maneno mengine, ndani ya utando atomu zimekamatana kwa nguvu kubwa mno, lakini utando na utando vimelazana tu, kama kurasa za daftari. Gundi ya selotepu ina nguvu ya kutosha kuzitenganisha kurasa, lakini haina nguvu ya kuuvunja wavu ulio ndani ya ukurasa.

Mwanafizikia Philip Wallace alikokotoa tabia ya elektroni katika tabaka moja la grafiti mwaka 1947, akilitumia kama hatua ya kuielewa grafiti nzima. Hata hivyo, hoja za kinadharia zilizotolewa tangu miaka ya 1930 na wanafizikia Landau na Peierls zilikuwa zimewafanya wengi waamini kwamba fuwele yenye unene wa atomu moja haiwezi kudumu. Katika maabara za hadubini selotepu ilikuwa ikitumika kila siku kuusafisha uso wa grafiti, kisha inatupwa pamoja na magamba yaliyonasa. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, pamoja na wenzao, waliyachunguza magamba yaliyonasa kwenye selotepu za aina hiyo, wakaendelea kuyapunguza, na mwaka 2004 wakachapisha vipimo vya umeme vya tando za kaboni zenye unene wa atomu chache hadi moja. Mwaka 2010 Geim na Novoselov walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Njia utakayoifuata hapa chini ni ileile yao, na bado ndiyo inayotoa vipande safi kuliko njia nyingine nyingi zilizokuja baadaye.

Vifaa, na kile ambacho hakibadilishiki

Anza na grafiti yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapokosea mapema. Kaboni ya penseli haifai, kwa kuwa fuwele zake zimesagwa na kuchanganywa na udongo. Tafuta magamba ya grafiti asilia yenye upana wa milimita moja au zaidi, yanayong'aa kama chuma kilichosuguliwa. Kadiri gamba lilivyo pana na bapa, ndivyo tabaka utakalolipata litakavyokuwa pana.

Pili, tafuta selotepu yenye gundi hafifu isiyoacha mabaki, pamoja na kibano chenye ncha nyembamba, glovu, asetoni, na alkoholi ya isopropili. Asetoni hushika moto upesi, kwa hiyo fanya kazi hii mahali penye hewa na mbali na cheche yoyote.

Tatu, na hiki ndicho kisichobadilishiki, ni kipande cha silikoni kilichofunikwa na oksidi ya silikoni yenye unene wa nanomita 300 au 90. Vipimo hivi havikuchaguliwa kwa kubahatisha. Mwanga unaoakisiwa na uso wa oksidi hukutana na ule unaoakisiwa na silikoni iliyo chini yake, na makutano hayo ndiyo yanayoupa uso rangi yake ya zambarau. Tabaka moja la atomu likilala juu ya uso huo, huyabadilisha makutano kiasi cha kuonekana kwa macho kupitia hadubini ya kawaida, jambo ambalo kwangu linaendelea kuwa la ajabu kila ninapoliona. Oksidi ikiwa na nanomita 315 badala ya 300, tabaka hilohilo linaweza lisionekane kabisa. Kwa hiyo usikubali maelezo ya jumla unapotafuta silikoni. Uliza unene wa oksidi kwa nanomita.

Hadubini nayo iwe ile inayomulika kutoka juu, kama zinavyotumia wachunguzi wa metali. Hadubini ya biolojia humulika kutoka chini, na silikoni haipitishi mwanga unaoonekana, hivyo utaona giza tupu. Asiye na hadubini ya kumulika kutoka juu anaweza kutumia kioo cha hadubini badala ya silikoni, na nitaeleza mbele kidogo namna ya kufanya hivyo.

Kubandua

Loweka silikoni katika asetoni kwa dakika chache, kisha isuuze kwa alkoholi ya isopropili kabla asetoni haijakauka, kwa sababu asetoni inayokauka yenyewe huacha madoa ambayo baadaye yatakudanganya. Ikaushe kwa hewa safi na kavu, uiweke mahali pasipo na vumbi, na usiiguse tena kwa kidole.

Kata selotepu ndefu kiasi cha kiganja. Weka gamba moja la grafiti karibu na ncha yake, likandamize kidogo, kisha uling'oe kwa kibano. Patabaki alama yenye mng'ao wa fedha. Kunja selotepu ili upande wenye gundi ukutane na alama hiyo, kandamiza, kisha ukunjue taratibu. Sasa una alama mbili. Rudia, kila mara ukihakikisha alama mpya haziangukii juu ya zile za zamani, hadi selotepu ijae madoa yaliyopoteza mng'ao na kugeuka kijivu hafifu.

Ni mara ngapi urudie? Hesabu ya haraka inasaidia kuelewa kinachotokea. Gamba lenye unene wa milimita 0.1 lina matabaka yapatayo 300,000. Kama kila ukunjaji ungeligawa nusu kwa nusu, mara 18 zingetosha kufikia tabaka moja. Kwa hakika mgawanyiko haulingani kamwe: mahali pengine gamba hupasuka karibu na uso na kuacha tabaka moja au mawili papo hapo, mahali pengine hubaki mamia. Tena kila ukunjaji huyavunja magamba kwa upana, na anayekunja mara ishirini hupata vumbi la grafiti lisilo na kipande cha maana. Mimi husimama kati ya mara tano na kumi, nikiongozwa na rangi ya madoa kuliko idadi.

Bandika upande wenye madoa juu ya silikoni na uukandamize kwa kitu laini kama kifutio kwa dakika moja, bila kuutelezesha. Kama selotepu yako inahimili joto, pasha silikoni hiyo hadi nyuzi 100 za Selsiasi kwa dakika mbili hivi, kisha uiache ipoe. Joto hufukuza hewa na unyevu ulionaswa kati ya gamba na oksidi, na vipande vinavyobaki huwa vikubwa zaidi. Halafu ubandue selotepu kwa pembe ndogo na kwa utulivu mkubwa. Sentimita moja huwa naipa karibu nusu dakika. Harakati ya ghafla hupasua yale matabaka membamba unayoyatafuta na kuacha yale manene, ambayo huyahitaji.

Kutafuta, ambako ndiko kazi ilipo

Mara yangu ya kwanza kutafuta nilikaa saa nne nikipitia magamba manene yenye rangi ya dhahabu, nikakata tamaa. Kosa langu lilikuwa kuyafuata yanayong'aa. Grafini haing'ai. Katika hadubini, kipande kinene huonekana cheupe au cha manjano. Chenye matabaka makumi kadhaa huelekea buluu. Chenye matabaka machache huwa zambarau iliyokolea. Na tabaka moja ni kivuli chepesi tu, zambarau iliyozidi kidogo ile ya silikoni yenyewe, kana kwamba mtu amepitisha ncha ya brashi yenye maji mahali hapo. Mara nyingi kivuli hicho hujitokeza ubavuni mwa gamba nene, kama ukurasa uliochomoza kutoka kwenye kitabu.

Anza na ukuzaji mdogo, mara 10 au 20 kwa lenzi iliyo karibu na kipande, upitie uso wote kwa mistari kama mtu anayepalilia shamba, bila kuruka. Ukiona kivuli, ongeza hadi 50 au 100. Tumia kichujio cha kijani kama kipo, kwa sababu chini ya mwanga wa kijani, juu ya oksidi ya nanomita 300, tofauti ya mwangaza kati ya tabaka moja na silikoni tupu hufikia karibu asilimia 10. Andika mahali ulipokiona kwa kupima umbali kutoka pembe ya silikoni na upige picha kwa kila ukuzaji, maana kipande chenye upana wa maikromita 20 ukikipoteza, utalazimika kuanza kutafuta upya.

Kuhesabu matabaka kwa macho kunawezekana kwa sababu mwanga hupungua kwa ngazi. Fungua picha katika programu yoyote inayoonyesha thamani za rangi, chukua thamani ya kijani ndani ya kivuli na nje yake, kisha ulinganishe na sehemu za jirani zilizo nzito zaidi. Ngazi za kwanza huwa karibu sawa kwa ukubwa: ukiona hatua moja, hatua mbili zilizolingana nayo, kisha tatu, ile ndogo kuliko zote ndiyo inayokuvutia. Anayetumia kioo na mwanga wa kutoka chini afuate kanuni hiyohiyo. Tabaka moja likiwa limening'inia hewani hufyonza asilimia 2.3 ya mwanga mweupe, na mwaka 2008 ilithibitishwa kwamba kiasi hicho hakitegemei rangi ya mwanga wala chochote kingine isipokuwa pai na namba moja ya msingi ya maumbile inayopima nguvu ya uhusiano kati ya mwanga na elektroni. Likilala juu ya kioo kiasi hicho hushuka hadi karibu asilimia 2. Jicho halitakiona kwa urahisi, lakini kamera iliyofungwa mahali pamoja kwa mwangaza usiobadilika itakiona.

Uthibitisho wa mwisho hutolewa na kipimo cha Raman, ambacho humulika kipande kwa leza na kupima jinsi rangi ya mwanga unaorudi ilivyobadilika. Omba nafasi katika maabara yenye kifaa hicho kama huna, na ujifunze kuusoma mchoro wake mwenyewe. Tazama vilele vitatu. Kile cha karibu na mawimbi 1,580 kwa sentimita huitwa G na kipo katika kila grafiti. Kile cha karibu na 2,700 huitwa 2D: katika grafiti nene ni kipana na kina bega, lakini katika tabaka moja safi ni kilele kimoja chembamba, chenye urefu unaofikia mara mbili ya G au kuupita. Cha tatu, D, hutokea karibu na 1,350, na ukubwa wake hueleza kasoro zilizomo katika wavu. Katika kipande kilichobanduliwa vizuri huwa hakionekani kabisa katikati ya gamba. Usitegemee kupima unene peke yake kwa hadubini ya kugusa, ile inayopapasa uso kwa ncha nyembamba, kwa sababu maji na hewa vilivyonaswa chini ya tabaka moja hulifanya lisomeke popote kati ya nanomita 0.4 na 1.

Kuzisoma sifa pamoja na masharti yake

Mita moja ya mraba ya grafini ina uzito wa miligramu 0.77. Uwanja wa mpira wa miguu wenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68 ungeweza kufunikwa wote kwa gramu 5.5 za kaboni. Hesabu hii ni rahisi, nami hupenda kuifanya mbele ya anayeanza, kwa sababu inamwonyesha mara moja nguvu na udhaifu wa grafini: eneo ni kubwa ajabu, lakini kitu chenyewe ni kidogo mno.

Uimara unapaswa kusomwa kwa jicho hilohilo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, waliutandaza utando mmoja juu ya vishimo vidogo na kuusukuma katikati kwa ncha ya almasi hadi ukapasuka. Walipata uimara wa gigapaskali zipatazo 130, ambao ni mara nyingi zaidi ya ule wa chuma cha pua cha kawaida, na ugumu wa kunyumbuka wa terapaskali 1. Hizo ni namba za kila kipimo cha unene, na unene wenyewe ni theluthi moja ya nanomita. Kamati ya Nobel ilitoa mfano wa kitanda cha bembea cha mita moja ya mraba ambacho kingeweza kumbeba paka wa kilo 4; ni jambo kubwa kwa kitu chenye uzito wa unywele wa sharubu zake, lakini halina maana kwamba kijiko cha unga wa grafini hugeuza plastiki kuwa chuma. Vipande katika unga huo ni vidogo, na plastiki huvunjika mahali vipande vinapoachana.

Kwa joto, vipimo vya mwanzo vya mwaka 2008 vilifikia takriban wati 5,000 kwa kila mita na kila kelvini, vipimo vya baadaye vikawa chini ya hapo, navyo vyote ni vya utando ulioning'inia. Shaba ina takriban 400. Grafini ikibandikwa juu ya kitu kingine upitishaji huo hupungua sana, kwa kuwa mitetemo inayobeba joto huvujia kwenye kile ilichobandikwa. Kwa umeme hali ni kama hiyo: kasi ya elektroni chini ya msukumo mmoja ilipimwa zaidi ya mara mia ya ile ya silikoni, lakini katika vipande vilivyoning'inia, vilivyosafishwa kwa joto na kupozwa sana.

Kuna jambo moja ambalo lazima lielezwe kwa anayetarajia kompyuta za grafini. Silikoni ina pengo la nishati la elektronivolti 1.1, yaani nishati ambayo elektroni lazima ipewe kabla haijaweza kubeba umeme, na pengo hilo ndilo linaloruhusu transista, swichi ndogo ya kompyuta, kuzimika. Grafini haina pengo lolote. Transista yake hupunguza mkondo tu bila kuukata. Ndiyo maana imefaa zaidi katika vihisi, katika vifaa vya mawasiliano ya masafa makubwa, na katika vipimo vya usumaku, kuliko katika mantiki ya ndiyo na hapana.

Kupata nyingi, na maswali ya kumuuliza muuzaji

Selotepu haiwezi kulisha kiwanda. Kwa utando mpana, gesi ya methani hupitishwa juu ya shaba iliyopashwa hadi karibu nyuzi 1,000, kaboni ikatandaa juu ya shaba, kisha shaba huyeyushwa kwa kemikali. Kikundi cha Chuo Kikuu cha Texas huko Austin kilionyesha njia hiyo mwaka 2009. Kwa unga na rangi, grafiti hukorogwa ndani ya kimiminiko, na mwaka 2014 watafiti wa Trinity College Dublin walionyesha kwamba hata blenda yenye maji na sabuni ya vyombo hutosha kuambua magamba hadi matabaka machache. Anayetaka kujaribu hili asiirudishe blenda hiyo jikoni, na avae barakoa wakati wa kupima unga mkavu. Njia ya tatu ni kuioksidisha grafiti kwa asidi kali, kazi isiyofaa kufanywa nje ya maabara. Kinachopatikana ni oksidi ya grafini, ambayo husambaa vizuri katika maji lakini haipitishi umeme hadi oksijeni yake iondolewe, na hata ikiondolewa wavu hubaki na mashimo.

Mwaka 2018 watafiti waliokuwa Singapore walichapisha uchunguzi wa bidhaa kutoka kwa wazalishaji 60 wa unga wa grafini. Nyingi zilikuwa na chini ya asilimia 10 ya grafini, hakuna iliyovuka asilimia 50, na sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa grafiti laini tu. Kwa hiyo kabla ya kununua, uliza ni sehemu gani ya vipande yenye matabaka yasiyozidi kumi, maana hicho ndicho kikomo kinachotambuliwa na istilahi za ISO, shirika la kimataifa la viwango. Uliza upana wa wastani wa vipande, kiwango cha oksijeni, na uombe mchoro wa Raman uliochukuliwa kwa vipande vingi, si kimoja kilichochaguliwa. Muuzaji anayejibu kwa neno "safi" bila mchoro hajajibu.

Ukipata kipande kikubwa cha tabaka moja

Kihifadhi mahali pakavu, na ufikirie kukigawa. Mwaka 2018 kikundi cha Pablo Jarillo-Herrero katika chuo cha MIT, Marekani, kilionyesha kwamba tando mbili zikilazwa moja juu ya nyingine kwa mzunguko wa nyuzi 1.1, umeme hupita bila ukinzani wowote katika baridi ya kelvini 1.7 hivi, karibu kabisa na baridi ya mwisho iwezekanayo. Ili kuipata pembe hiyo hawakutafuta vipande viwili na kubahatisha mielekeo yake. Huchukuliwa kipande kimoja, hupasuliwa katikati, nusu moja huinuliwa kwa lenzi ndogo yenye plastiki inayonata, jukwaa lililobeba nusu iliyobaki huzungushwa kwa nyuzi moja na kidogo, na nusu ya kwanza hushushwa juu yake. Kwa kuwa nusu zote mbili zilitoka kwenye wavu mmoja, mielekeo yao ilikuwa imelingana tangu mwanzo, na pembe iliyozungushwa kwa mkono ndiyo pembe inayopatikana.